Saadani: Twende Matopeni

Picha inayoiuza Saadani unaijua hata kama hujawahi kufika: tembo kasimama mchangani, nyuma yake Bahari ya Hindi. Si picha ya uongo. Wanyama hushuka ufukweni kweli, na kwa Tanzania Bara hakuna hifadhi nyingine ya taifa ambayo nyika inakwenda kuishia baharini namna ile. Shida ni kwamba watu wanakuja na picha hiyo kichwani kana kwamba tembo amepangiwa zamu. Wanazunguka na gari mchana kutwa, wanaona ngiri, twiga na kuro, kisha wanarudi wakinung'unika kwamba Mikumi ina wanyama wengi zaidi. Ni kweli, Mikumi ina wanyama wengi zaidi. Kama unataka kuhesabu wanyama, nenda Mikumi.

Mimi Saadani naipendea tope. Naipendea mahali ambapo Mto Wami unakutana na bahari na wala haieleweki nani kamshinda mwenzake, kwa sababu matokeo yanabadilika kila baada ya saa sita. Na nimefika mahali pa kuamini kwamba mwenye amri katika hifadhi hii ni chumvi. Mti gani uote wapi, samaki gani akulie wapi, kiboko aogelee mpaka wapi: chumvi ndiyo inayoamua. Ukiiangalia Saadani hivyo, huhitaji tembo ufukweni. Akija, amekuja.

Hifadhi ina takriban kilomita za mraba 1,100, imekaa katika mikoa ya Pwani na Tanga, na ilikuwa pori la akiba kabla ya kupandishwa hadhi mwaka 2005. Kijiji cha Saadani chenyewe kilikuwa bandari ya misafara iliyokwenda na kurudi bara, na hapo ndipo Bwana Heri, mtawala wa eneo hilo, alipowasumbua Wajerumani mpaka akasalimu amri mwaka 1890. Leo ukipita unaona nyavu zimeanikwa na watoto wanakimbiza mpira. Historia hiyo inastahili makala yake. Turudi mtoni.

Wami unakuja kutoka mbali kuliko wengi wanavyodhani. Sehemu ya maji yake inaanzia upande wa Dodoma, kwenye Mto Kinyasungwe, yanapita Kilosa kwa jina la Mkondoa, yanaungana na yale yanayoshuka milima ya Ukaguru na Nguru, ndipo yanateremka tambarare mpaka pwani. Kwa hiyo lile tope la rangi ya chai ya maziwa unalolikuta mlangoni mwa mto limetoka kwenye mashamba na miteremko ya watu ambao pengine hawajawahi kuiona bahari. Mto ukifika chini unapunguza mwendo, unashindwa kubeba mzigo wake, unautua. Hapo ndipo mikoko inapopata ardhi.

Bahari nayo haikai kimya. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii huzidi mita 3. Maji yakijaa, bahari inaingia mtoni na kupanda juu. Lakini hayachanganyiki mara moja. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo yanatambaa chini, sakafuni mwa mto, na maji baridi yanaendelea kuteremka juu yake. Unaweza kuwa umekaa kwenye boti juu ya mito miwili inayokwenda pande tofauti. Kwa macho huoni lolote. Samaki na miti ndio wanaojua.

Boti ya kwenda Wami inapangwa na hifadhi, unaongozana na askari na mwongozaji. Ushauri wangu: uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, ndipo upange saa yako. Maji yakijaa sana unapita katikati ya majani na kuona ndege kwa karibu, lakini tope lote limefunikwa. Maji yakiwa yanapwa ndipo duka linafunguliwa. Nahodha hapendi sana, kwa sababu anaogopa kukwama kwenye fungu, lakini ukimwomba vizuri anakuingiza.

Anza pale nje kabisa, penye mawimbi. Mti unaosimama mbele ni mlilana, mnene, wa majani ya duara, mizizi yake ya kupumulia imechomoza matopeni kama pembe butu. Maua yake yanafunguka usiku, meupe, nyuzi tupu, na asubuhi unazikuta zimeanguka zinaelea. Popo na nondo wakubwa ndio wanaoyahudumia. Huu ni mti unaokubali kupigwa na maji ya bahari kila siku, ndiyo maana umepewa mstari wa mbele.

Nyuma yake, na kandokando ya vijito, unakutana na mkoko wenyewe, ule wa miguu mingi. Mkoko unaizuia chumvi mlangoni: mizizi inachuja sehemu kubwa kabla maji hayajapanda. Mbegu yake haisubiri kuanguka ndipo iote. Inaota ikiwa bado juu ya mti wa mama, inashusha mche mrefu wa kijani unaoning'inia kwa miezi, kisha unadondoka ukiwa tayari. Maji yakiwa yamepwa unajichoma matopeni hapo hapo. Yakiwa yamejaa unaelea, unasafiri, unatafuta pa kushika.

Mchu hauna mlango wa namna hiyo. Nao huchuja, lakini chumvi nyingi inaupita, kisha unaitoa kwa majani. Siku moja mwongozaji aliniita: "Kaka, njoo ulambe." Akainamisha tawi. Juu ya jani, ukilielekeza kwenye mwanga, kulikuwa na chembe ndogo ndogo zinazometameta, zimejipanga bila mpangilio, na ukipitisha kidole zinakwaruza kama msasa mlaini. Upande wa chini jani ni la kijivu, lina manyoya mafupi sana ambayo huyaoni mpaka uligeuze karibu na jicho. Nikalamba. Ni chumvi, basi, chumvi ya mezani kabisa, na uchungu kidogo wa jani nyuma yake. Chini yetu mizizi ya mchu ilikuwa imesimama wima matopeni, mamia kwa mamia, minene kama penseli, kila mmoja unavuta hewa kwa sababu tope lile halina oksijeni. Likichimbuliwa linanuka yai bovu.

Mkandaa uko nyuma zaidi, mfupi, umesongamana, gome lake lilitumika tangu zamani kutia rangi na kulainisha ngozi. Na ukiendelea kupanda mto, pale maji baridi yanapoanza kuwa na sauti, inajitokeza miti ambayo wengi hawaitambui kuwa ni jamaa ya mikoko. Mkomafi una tunda la duara, zito, linaloning'inia kama mpira ulionaswa mtini; likipasuka linatoa mbegu zenye pembe, na ukijaribu kuzirudisha zilivyokuwa utakaa mpaka boti iondoke. Msikundazi una majani yanayong'aa fedha upande wa chini, na mbegu yake ina mkuku mgongoni, kama wa jahazi, nao unaipa mwelekeo inapoelea. Miti hii miwili haipendi chumvi nyingi. Ukiona msikundazi umestawi, jua mto bado una nguvu hapo.

Watu wa pwani wamekuwa wakiijua miti hii kwa kazi zake muda mrefu kabla ya hifadhi. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe Zanzibar, Bagamoyo na Lamu, na nyingine zilipakiwa majahazini kupelekwa Uarabuni kusiko na miti. Vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kuvuka upana zaidi ya huo. Ndani ya hifadhi kukata hakuruhusiwi, na tofauti inaonekana ukitoka nje ya mipaka: kule miti minene ni michache, visiki ni vingi.

Sasa tope. Maji yakipwa, zima injini na ukae kimya. Mwanzoni unaona uwanda wa kijivu usio na kitu. Dakika chache baadaye uwanda unaanza kutikisika. Ni vijikaa vyenye gando moja kubwa kuliko mwili, vinatoka mashimoni na kuanza kupunga. Wenye gando kubwa ni madume, na kupunga kule ni kuita wake na kutisha wenzao. Kula wanalia gando dogo: wanachota tope, wanafyonza kilichomo, wanaacha kidonge. Jike ana magando mawili madogo na hula kwa kasi mara mbili ya mume wake, jambo ambalo nahodha alilieleza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kando yao kuna visamaki vinavyotembea. Vina macho juu ya kichwa, vinajivuta kwa mapezi ya kifuani, vinarukaruka, hata vinapanda mizizi. Vinapumua kwa ngozi ikiwa na unyevu na kwa maji yaliyohifadhiwa kwenye mashavu, ndiyo maana kila baada ya muda vinajigaragaza dimbwini. Mpigie makofi mmoja uone, anatoweka kabla sauti haijamfikia.

Halafu tondo. Konokono weusi, warefu, wamelala matopeni kwa mamia, unadhani ni mawe. Hawa ndio wanaosafisha. Jani la mkoko likianguka, tondo mkubwa analifuata kwa harufu, wa pili anafika, wa tatu, na baada ya muda jani ni mshipa mtupu. Kaa koko naye anaburuta majani mengine shimoni. Wasingekuwepo hawa, bamvua lingeyazoa majani yote na kuyapeleka baharini. Wakiyala, yanabaki hapa, yanakuwa chakula cha vijidudu, na vijidudu vinakuwa chakula cha kamba wachanga.

Kamba ndio sababu ya mashua zote unazoziona nje. Kamba miti wakubwa wanataga baharini, viluwiluwi vyao vinachukuliwa na maji kujaa mpaka kwenye vijito vya mikoko, vinakulia humu kwenye maji ya mchanganyiko yenye tope, kisha wanarudi baharini wakiwa wamepata umbo. Mvuvi wa Saadani anayevua kilomita kadhaa nje anavuna kitu kilicholelewa chini ya mti asioruhusiwa kuukata. Wengi wanalijua hilo vizuri kuliko wanaokuja kuwafundisha.

Ukipanda mto zaidi, mikoko inaisha bila kuaga. Ghafla ukingo una matete, kisha mikindu, ile inayotoa ukindu wa kusukia mikeka, na miti mirefu inayofunika mto. Furukombe anaketi juu ya tawi kavu. Mdiria anapita chini chini, mstari wa buluu. Mbega weusi kwa weupe wanakaa juu kabisa wakinong'oneza majani, hawana haraka, mikia yao meupe ndiyo inayowasaliti. Na viboko wapo, makundi yenye watoto, wanazama na kuibuka wakikupulizia. Mchana wanakaa majini, usiku wanatoka kula nyasi nchi kavu, wanarudi alfajiri na kujisaidia mtoni. Kila usiku majani ya nchi kavu yanahamishiwa majini kwa njia hiyo, na samaki hawalalamiki.

Mamba nao wamelala kwenye fungu la tope, midomo wazi kupunguza joto. Huwa nashangaa watu wanavyonyoosha mikono nje ya boti wakati huohuo wanapiga picha mamba.

Jambo moja linanikera, na nitalisema. Tunapozungumzia kulinda mlango wa Wami tunazungumzia askari, mipaka na faini, kana kwamba hatari yote inatoka kijijini. Mpaka wa kweli wa mikoko ile uko juu mtoni. Bonde la Wami lina mashamba ya mpunga ya Dakawa, miwa ya Mtibwa, miji inayokua, na kila mmoja anachota. Kiangazi, mto ukipungua nguvu, chumvi inapanda. Hakuna anayeipiga picha. Msikundazi unaanza kukauka ncha, matete yanarudi nyuma, kamba wachanga wanakosa yale maji ya mchanganyiko, viboko wanasogea juu kwenda karibu na mashamba ya watu, halafu tunasikia kwenye habari kuwa viboko wameharibu mazao. Askari wa hifadhi hawezi kukamata upungufu wa maji. Anayeweza ni yule anayegawa vibali vya kuchota maji kilomita mia na zaidi kutoka hapa, na anatakiwa aihesabu mikoko kuwa mteja halali kama mwenye miwa.

Kaskazini ya mto, karibu na kijiji, kuna mashamba ya chumvi. Wageni huyaona kama doa katika mandhari. Mimi naona ni mwendelezo wa habari ileile. Lita ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Yanaingizwa kwenye mabwawa mapana, yasiyo na kina, jua na upepo vinayala. Kwanza inatua chokaa, halafu jasi, na maji yakibaki kama sehemu moja ya kumi ndipo chumvi ya kula inaanza kuganda. Yanayosalia mwisho ni maji machungu, yanamwagwa. Kazi ngumu, jua la juu na la chini. Lakini haitumii kuni, na ukilinganisha na kuchemsha chumvi kwa magogo ya mikoko, kama inavyofanyika sehemu nyingine za pwani, afadhali hii mara kumi. Katika mabwawa hayo, ambako samaki wa kawaida hawezi kuishi, flamingo wanashuka. Wamesimama kwenye maji yanayokaribia kuwa chumvi tupu, vichwa chini juu, wanachuja. Hakuna wa kugombania nao chakula.

Pwani ya Madete, upande wa kaskazini wa hifadhi, ni kati ya fukwe chache za bara ambako kasa wa kijani bado wanataga. Jike anapanda usiku, anachimba kwa mapezi ya nyuma bila kuangalia anachokifanya, anaacha mayai mia hivi, anafukia, anaondoka. Siku 50 hadi 60 baadaye vifaranga vinatoka. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto unatoa majike. Wavuvi husema kasa hulia anapotaga, na machozi yapo kweli. Anatoa chumvi aliyoinywa baharini kupitia tezi zilizo karibu na macho, kazi anayoifanya muda wote, ila majini huwezi kuiona. Nguruwe pori, nyegere na mbwa wa vijijini wanajua viota viko wapi. Ndiyo maana kuna watu wanaokesha.

Ukiipa bahari mgongo na kwenda magharibi na gari, chumvi inaisha na anaanza bwana mwingine: mbung'o. Ardhi hapa ni ule mfinyanzi mweusi wa mbuga, masika unanasa gari, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyasi ndefu, mikoche imesimama hapa na pale, tohe wanaruka kutoka miguuni pa gari, kongoni wanakutazama kwa sura yao ya msiba. Palahala wapo pia, ila ukiwaona shukuru.

Eneo la kaskazini, Mkwaja, lilikuwa ranchi. Miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Tanga ililifyeka na kujaza ng'ombe ili kulisha wafanyakazi wake. Kwa karibu nusu karne walipigana na mbung'o kwa kila walichokuwa nacho: kufyeka vichaka, kunyunyizia dawa, kuweka mitego, kuwadunga ng'ombe dawa, sindano baada ya sindano, mpaka vimelea vya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, vikazoea dawa. Mwaka 2000 wakafunga. Malisho yaliyoachwa yakavamiwa na migunga ya pwani, ile yenye miiba iliyovimba ambamo sisimizi wanaishi, na upepo ukipita kwenye matundu yao inapiga mluzi. Sehemu nyingine imefungamana hata nyati hapiti kirahisi. Wataalamu wanaiita uharibifu, na nyasi ziliumia kweli. Lakini kama ng'ombe wangefanikiwa Mkwaja, leo kusingekuwa na hifadhi ya kubishania.

Wazao wa mbung'o wale bado wako kazini. Wanafuata kinachosogea, hasa gari, na wanapenda rangi ya buluu na nyeusi. Ile mitego ya kitambaa cha buluu unayoiona imening'inizwa mitini imewekwa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo suruali ya jinzi acha nyumbani, vaa kaki, na madirisha yafungwe mkifika kwenye migunga, hata kama kiyoyozi cha gari kimekufa.